Kipande kinaachia kwenye vakyumu: soma geji kabla ya kulaumu pampu

Karakana nyingi zinazoshika mbao kwa vakyumu huanza na vifaa vilevile: pampu ya fundi friji, mpira wa mita 2 au 3, jigi (kitako cha kulazia ubao) ya MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, yenye gasketi (mkanda wa kuzibia hewa) ya sponji, na ruta (mashine ya kuchonga kwa kisu kinachozunguka). Mambo yakienda sawa, ubao unatulia bila klempu hata moja juu yake na kisu kinazunguka ukingo wote pasipo kusimama. Yakienda vibaya, ubao unachomoka na lawama inaiangukia pampu. Pampu inabadilishwa, tatizo linabaki palepale. Mara nyingi hewa inaingia kwenye gasketi, kwenye kiungo cha mpira au kwenye mbao yenyewe, na unaweza kujua ni wapi kwa dakika 10 kabla hujatoa shilingi mfukoni.

Nguvu ya kushika inatoka wapi

Vakyumu haiuvuti ubao. Pampu inaondoa hewa iliyo chini ya ubao, na hewa iliyo juu inaukandamiza. Kwa hiyo nguvu inategemea vitu viwili tu: geji (kipimo cha vakyumu) inasoma ngapi, na eneo lililozungukwa na gasketi ni kubwa kiasi gani. Geji ikisoma −0.8 bar, yaani bar 0.8 chini ya hewa ya nje, kila sentimita ya mraba inakandamizwa kwa takriban kilo 0.8. Ubao wenye eneo la sentimita 30 kwa 40 ndani ya gasketi unapata karibu kilo 970. Kipande cha sentimita 5 kwa 10 kinapata kilo 40 tu, kwa pampu ileile na geji ileile.

Kilo hizo zinasukuma chini. Kisu cha ruta kinasukuma pembeni, na upande huo kinachozuia ni msuguano peke yake. Kwa mbao iliyokaa juu ya MDF, hesabu theluthi moja ya nguvu ya chini. Kile kipande kidogo kinabaki na kilo 13 za kupambana na kisu, na kisu butu kikikutana na kifundo kitazipita bila taabu. Ukiweka hesabu hii akilini, nusu ya matatizo yaliyo hapa chini utayatambua kabla hujawasha chochote.

Geji inasoma kulingana na mji ulipo

Jambo hili limewauzia watu pampu ambazo hawakuzihitaji. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar ziko usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni karibu bar 1.01. Pampu nzuri ya mafuta, koki ikiwa imefungwa, inafikisha sindano karibu kabisa na −1. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari na hewa yake ina takriban bar 0.82. Huko hakuna pampu duniani itakayofikisha geji −0.9, kwa sababu hewa ya kukandamiza kiasi hicho haipo. Arusha, kwenye mita 1,400, mwisho ni karibu −0.85. Eldoret, mita 2,100, ni karibu −0.78. Kampala, mita 1,200, ni karibu −0.87.

Kama geji yako ina inchi za zebaki, usawa wa bahari ni 29.9, Arusha 25, Nairobi 24, Eldoret 23. Kwa hiyo anayesoma −0.78 akiwa Eldoret ana pampu yenye afya kamili, na anayesoma −0.78 akiwa Tanga, koki imefungwa, ana jambo la kuchunguza. Andika kiwango cha mji wako kwa kalamu ya wino mzito kwenye kioo cha geji. Fundi wa bara anayefuata maelekezo yaliyoandikiwa pwani ajue pia kwamba anahitaji eneo kubwa zaidi kwa kazi ileile, kama robo zaidi akiwa Nairobi.

Kupima kwa kugawa mfumo

Kabla ya kupima, hakikisha geji iko mahali sahihi. Geji iliyo juu ya pampu inakuambia hali ya pampu. Unachotaka kujua ni hali ya chini ya ubao, kwa hiyo weka geji ya pili kwenye jigi yenyewe, kwa tii (kiungo cha njia tatu) au kwa tundu lake pekee, mahali unapoweza kuiona ukiwa umeshika ruta. Geji hizo mbili zikitofautiana sana wakati wa kazi, kuna kitu kimebana hewa katikati: chujio lililojaa unga wa mbao, mpira uliopinda, au mpira mwembamba mno.

Sasa gawa mfumo, hatua moja baada ya nyingine.

1. Funga koki iliyo mdomoni mwa pampu na uwashe. Geji ya pampu ifike kiwango cha mji wako ndani ya sekunde chache. Isipofika, tatizo liko kwenye pampu au kwenye viungo vyake vya hapo hapo.

2. Fungua koki, ziba mwisho wa mpira kwa kizibo. Geji ikishuka kuliko hatua ya 1, yaani sindano ikirudi kuelekea 0, mpira au viungo vinavuja.

3. Unganisha jigi, funika gasketi kwa kitu kisichopitisha hewa kabisa: kipande kinene cha fomaika iliyogandishwa kwenye ubao, akriliki ya mm 10, au ubao uliopakwa rangi ya mafuta pande zote. Geji ikishuka hapa, jigi au gasketi inavuja.

4. Weka kipande chenyewe. Geji ikishuka hapa tu, na hatua ya 3 ilikuwa safi, hewa inapita kwenye mbao au mbao haijalala vizuri.

Usiruke hatua ya 3. Ndiyo inayotenganisha kosa la jigi na tabia ya mbao, na ndiyo ambayo karibu kila mtu huiacha.

Ukiwa kwenye hatua ya 3, funga koki na uzime pampu, kisha hesabu sekunde. Jigi nzuri inashikilia kwa dakika kadhaa. Geji yake ikiporomoka hadi nusu ndani ya sekunde 10, ipo njia ya hewa unayoweza kuipata.

Kutafuta tundu lenyewe

Povu la sabuni, linalofaa kwa tairi, halikusaidii hapa. Hewa inaingia ndani, kwa hiyo povu linanyonywa kimyakimya na maji yanaishia kwenye pampu. Ukitaka kutumia sabuni kwenye mpira na viungo, tenganisha pampu, ziba mwisho wa mpira, tia hewa ya kompresa kwa bar 1 hivi, kisha paka. Usifanye hivyo kwenye jigi, utaibandua.

Kwa jigi, chukua kipande cha mpira mwembamba wa sentimita 50, weka mwisho mmoja karibu na sikio na upitishe mwingine kando ya kila kiungo. Mlio wa hewa unasikika waziwazi mahali inapoingia. Njia nyingine ni kupaka grisi nzito kwenye kiungo unachokishuku huku ukiangalia geji. Sindano ikipanda, umepata. Kuna wanaotumia moshi wa udi au mshumaa kuona unapovutwa. Acha kabisa. Katika karakana yenye vumbi la mbao, moto wa kutafutia tundu ni hatari kubwa kuliko tundu lenyewe.

Geji haipandi: jigi na gasketi

MDF inaonekana ngumu kama jiwe, lakini inapitisha hewa, hasa kwenye kingo na popote uso wake wa juu ulipokatwa. Kila mfereji unaochonga unafungua sehemu ya ndani iliyo laini. Jigi ya MDF ipakwe sandasila (ya kuzibia vinyweleo vya mbao) au vanishi mara 3 ndani ya mifereji na kwenye kingo zote, na mara 2 kwenye nyuso, upande wa chini pia. Plaiwudi ina shida yake: tabaka za ndani zina mapengo yasiyoonekana, na mfereji ukikata pengo hilo hewa inasafiri hadi ukingoni. Ubao wenye fomaika pande zote mbili ndio rahisi kuliko vyote, kingo zake zikishapakwa rangi.

Nipo (kiungo cha kuchomekea mpira) isikazwe moja kwa moja kwenye MDF ukitegemea nyuzi zishike. Nyuzi hukatika kuwa unga. Toboa tundu, paka epoksi, weka nipo ya shaba, acha usiku mzima. Viungo vya chuma kwa chuma vinatosha kwa tepu nyeupe ya fundi bomba, mizunguko 4 hadi 6.

Gasketi iwe ya sponji yenye vyumba vilivyofungwa, ile nyeusi inayouzwa kuzibia milango na bodi za magari. Ijaribu kwa mdomo: ukiweza kupuliza hewa ikapita katikati yake, ni sponji ya godoro na haifai. Pale inapokutana na mwanzo wake, kata wima kwa wembe mpya na uibane ncha kwa ncha, ukiizidisha milimita 1 ili isukumane. Ukiipandisha moja juu ya nyingine, nundu ile inainua ubao na kuvujisha pande zote mbili.

Kina cha mfereji kina maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Gasketi ya sponji ya mm 6 ikae kwenye mfereji wa mm 4, ili mm 2 zibaki juu, na zikibonyea ubao ulale kabisa kwenye uso mgumu wa jigi. Kwa kamba ya mviringo ya silikoni ya mm 6, chonga mfereji wa upana wa mm 7 na kina cha mm 4.5. Silikoni haipungui ujazo ikikandamizwa, inahama tu, na mfereji uliobana hauipi pa kwenda. Gasketi iliyobandikwa juu ya uso bila mfereji inaziba vizuri, ila ubao unaelea juu yake na kuyumba kila kisu kinapogusa. Kwa kiolezo cha kazi ndogo inavumilika. Kwa kazi inayotaka vipimo, chonga mfereji.

Sponji hufa pia. Baada ya miezi ya kukandamizwa inabaki imelala. Ukipitisha kidole na usihisi imesimama juu ya uso, ibadilishe.

Hatua ya 3 ni safi, lakini mbao inavuja

Mbao ni mkusanyiko wa mirija. Mpingo una mirija midogo mno na kipande chake hushika karibu kama chuma. Mvule na mninga zina vinyweleo unavyoviona kwa macho, na paini ina vifundo vilivyolegea. Ubao mrefu ambao nyuzi zake zinakwenda sambamba na uso hauna neno. Tatizo linakuja nyuzi zinapokuwa mshazari, au kipande kinapokuwa kifupi: mrija unaanzia chini, ndani ya gasketi, na kutokea kichwani mwa ubao sentimita 10 mbele.

Jaribio lake ni rahisi. Ubao ukiwa juu ya jigi na pampu ikifanya kazi, tandaza karatasi laini ya nailoni juu ya uso wa ubao. Geji ikipanda, hewa ilikuwa inapita kwenye unene wa mbao. Isipopanda, ziba vichwa viwili vya ubao kwa selotepu pana. Ikipanda sasa, umejua ni mirija ya kichwani.

Tiba ni kupaka sandasila upande wa chini kabla ya kuuweka ubao, mkono mmoja kwa mbao nzuri na miwili kwa mvule wenye vinyweleo vikubwa, na kwenye vichwa. Kama upande huo hautakiwi kuguswa na rangi yoyote, bandika selotepu pana chini, mistari ikipandana kwa sentimita 1, uibandue kazi ikiisha. Nyufa za mkaratusi jaza nta ya mshumaa kwa kuisugua ikiwa baridi. Ukitarajia kupaka vanishi baadaye, nta uiache, kwa sababu itaizuia kushika. Tumia selotepu.

Kisha kuna ubao uliopinda. Gasketi iliyosimama mm 2 haiwezi kufuata bonde la mm 3. Wengi huubonyeza kwa mikono hadi vakyumu ikamate, na ubao unalala bapa. Unakuwa umeulazimisha. Ukishauchonga na kuachia, unarudi kwenye umbo lake, na mfereji uliotaka unyooke kutoka mwanzo hadi mwisho unapinda pamoja nao. Piga randa upande wa chini kwanza.

Geji iko juu lakini kipande kinateleza

Hapa pampu, mpira na gasketi vyote havina kosa. Rudi kwenye eneo. Kwa ruta ya mkono yenye kisu cha mm 12, eneo lililo chini ya sentimita 150 za mraba lisitegemee vakyumu peke yake. Weka vizuizi: pini za mbao ngumu za mm 10, au vipande vya ubao vilivyofungwa kwa skrubu kwenye jigi, fupi kuliko unene wa kazi ili kisu kisivifikie. Viwe angalau viwili kwenye upande ambao kisu kinasukumia na kimoja pembeni. Vakyumu ikandamize, vizuizi vizuie kuteleza. Hata kwenye vipande vikubwa vizuizi havigharimu kitu, na vinakupa mahali pa kuweka kipande kinachofuata bila kupima upya.

Angalia pia usafi. Unga wa mbao kati ya ubao na jigi ni kama gololi ndogo. Futa jigi kila unapobadilisha kipande. Ukitaka msuguano zaidi, gandisha msasa wa namba 220 kwenye uso wa jigi ulio ndani ya gasketi, ukihakikisha kwamba unene wake haukiinui kipande kutoka kwenye gasketi.

Kisu nacho kina sehemu yake. Kisu cha msokoto kinachovuta unga kwenda juu kinavuta na ubao. Kwenye vakyumu tumia kinachosukuma chini, au kisu cha kawaida kilichonyooka, na ukate kina kisichozidi nusu ya kipenyo cha kisu kwa mpito mmoja: mm 6 kwa kisu cha mm 12. Kisu butu hakikati, kinasukuma, na msukumo huo wote unaufikia msuguano wako wa kilo chache.

Kinashika, kisha kinaachia katikati ya kazi

Sababu ya kwanza ni kisu kupenya hadi ndani ya eneo la vakyumu. Kama unakata dirisha katikati ya ubao, dirisha lenyewe lizungukwe na gasketi yake ya pili, ili mstari wa kisu upite kati ya gasketi mbili, kwenye sehemu isiyo na vakyumu. Chora mstari huo kwenye jigi kwa penseli na uache angalau mm 6 kutoka kisu hadi gasketi.

Sababu ya pili ni mpira. Mpira wa bustani unaonekana sawa asubuhi, jua la saa saba likiupata unalainika na kujibana wenyewe. Tumia mpira wa kunyonyea wenye waya ndani, wa kipenyo cha ndani cha mm 10 hadi 13. Mpira wa mm 6 unatosha kwa jigi isiyovuja kabisa. Kwa mbao inayovuja kidogo, pampu inashindwa kutoa hewa kwa kasi inayoingia, ingawa ina uwezo.

Sababu ya tatu ni umeme, na hapa tuseme polepole, kwa sababu ndiyo inayoumiza watu. Umeme ukikatika, pampu inasimama na ruta pia inazimika, ila kisu kinaendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa. Bila vali ya njia moja kati ya pampu na jigi, hewa inarudi kupitia pampu na ubao unaachia kisu kikiwa bado kinazunguka ndani yake. Kwa hiyo vali ya njia moja si ya hiari. Baada yake weka tangi la akiba. Bomba la maji la presha la mm 110, lenye urefu wa mita 1 na vifuniko vilivyogandishwa vizuri, linakupa karibu lita 8. Bomba jembamba la maji machafu linaweza kujibonyeza, dumu la plastiki litajibonyeza kwa hakika, na mtungi wa gesi ya kupikia usiukate wala kuutoboa kwa sababu ya gesi iliyobaki ndani. Tangi la kompresa kuukuu ambalo halijaoza kwa kutu linafaa sana.

Tangi linaongeza muda kwa uwiano wa ujazo. Kama mpira na jigi vina lita 1 na geji inashuka kutoka −0.8 hadi −0.6 kwa sekunde 5, ukiongeza lita 8 utapata sekunde 45 za kuinua ruta kwa utulivu.

Umeme unaporudi, kuna hatari nyingine. Ruta iliyoachwa swichi yake imewashwa itaanza kuzunguka yenyewe juu ya ubao ambao tayari umeachia. Umeme ukikatika, zima ruta kwanza, ichomoe, kisha zima pampu. Ukirudi, washa pampu, soma geji ya jigi, sukuma ubao kwa mkono pembeni, ndipo uguse ruta. Jiwekee kikomo cha chini, mfano −0.6 kwa pwani na −0.55 kwa Nairobi, na usikate ikiwa chini ya hapo. Swichi ya vakyumu inayowasha taa nyekundu ni bei ndogo kwa anayefanya kazi peke yake, kwa sababu macho yako yako kwenye kisu, hayako kwenye geji.

Kipande chembamba kinabonyea

Plaiwudi ya mm 3 juu ya uwazi wa sentimita 20 kwa 20 inabeba kilo 320 kwa −0.8. Itabonyea katikati, na mchongo wako utakuwa wa kina kidogo katikati na kikubwa pembeni. Usiache uwazi mkubwa ndani ya gasketi. Acha uso wote wa jigi ukiwa mzima na uchonge mifereji myembamba ya hewa ya mm 3 kwa 3, umbali wa sentimita 4 hivi, iungane na tundu la mpira. Nguvu ni ileile, kwa sababu hewa ikipenya kwenye uso wote eneo halipungui, na kipande kinapata pa kulalia.

Meza ya CNC (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta) yenye ubao wa MDF juu

Hapa uvujaji ni wa makusudi: hewa inavutwa kupitia MDF yenyewe. Pampu ya fundi friji haifai. Inatakiwa blowa inayosukuma hewa nyingi, ambayo inaishia karibu −0.2 hadi −0.3, na udogo huo wa geji ni wa kawaida kabisa. Eneo ndilo linalofidia. Kama meza haishiki, angalia mambo haya kwa mpangilio: nyuso zote mbili za MDF zipunguzwe mm 0.5, maana ngozi yake ya juu ni nzito na inabana hewa. Kingo zipakwe rangi. Na sehemu ya meza isiyo na kazi ifunikwe kwa nailoni nzito au mabaki ya fomaika. MDF iliyokatwakatwa mifereji mingi ipunguzwe tena juu hadi iwe bapa.

Vipande vidogo kwenye meza hii huruka kwenye mzunguko wa mwisho, pale vinapoachana na ubao mama. Acha ngozi ya mm 0.4 chini katika mipito ya kawaida, kisha ikate mwishoni kwa mpito mmoja mwepesi, au uiache na kuimaliza kwa kisu cha mkono na msasa.

Pampu inachemka, inatoa moshi, au mafuta yako kwenye mpira

Mafuta kwenye mpira yanamaanisha vali ya njia moja haipo au imekwama na unga. Pampu ilipozimwa, vakyumu iliyobaki ilivuta mafuta nyuma. Jigi iliyoloa mafuta itachafua mbao na vanishi haitashika, hivyo isafishe kwa spiriti kabla ya kazi nyingine.

Moshi mweupe unaoendelea unatoka kwenye pampu ya friji inayopitishiwa hewa nyingi kwa muda mrefu. Ilitengenezwa kwa mfumo uliofungwa. Ikifanya kazi dhidi ya mbao inayovuja, inatupa mafuta nje kama ukungu, kina kinashuka kwenye kioo, na baada ya hapo inachemka. Ziba uvujaji, jaza mafuta hadi katikati ya kioo, elekeza mdomo wa kutolea nje ya jengo. Mafuta yawe ya pampu ya vakyumu. Mafuta ya injini yana viungo vinavyotunza maji, na geji haitafika mwisho wake.

Mafuta meupe kama maziwa yana maji, na maji hayo yametoka kwenye mbao mbichi. Badilisha mafuta, kisha endesha pampu dakika 20 ikiwa na tundu lake la hewa ya kukaushia limefunguliwa. Pampu kavu ya kaboni inayotema unga mweusi ina vibao vilivyoisha. Mota ya mashine ya kufyonza vumbi ikizibwa kabisa inaungua, isipokuwa aina ambayo feni ya kupoza mota iko peke yake. Na kifaa cha venturi (kinachonyonya kwa mkondo wa hewa) kinachoendeshwa na kompresa kinafuata presha ya kompresa: ikishuka chini ya bar 5 wakati mtu mwingine anapuliza rangi, ubao wako unalegea.

Kabla ya pampu yoyote liwepo chujio, lenye bakuli la plastiki ngumu lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Chupa ya jamu ya kioo inaweza kupasukia ndani.

Bakuli kwenye mashine ya kukereza

Kila kilichosemwa juu ya gasketi na mbao kinabaki vilevile, ila sasa kazi inazunguka. Bakuli la kipenyo cha sentimita 20 linakandamizwa kwa kilo 250 kwa −0.8. Likiwa na ukuta wa mm 4, linaweza kupasuka kabla hujagusa tindo. Weka koki ndogo ya kuingiza hewa kwenye mpira na uishushe geji hadi −0.3 kwa vitu vyembamba. Bado una kilo 90 na zaidi.

Geji ikipungua pale tu mashine inapoanza kuzunguka, kiungo kinachozunguka nyuma ya spindo (mhimili unaozungusha kazi) kimechakaa bearingi au mpira wake. Jaribu kwa kuzungusha kwa mkono polepole na kuangalia sindano. Acha kichwa cha nyuma kikiegemea bakuli hadi mwisho kabisa, ukiondoe kwa ajili ya sentimita 2 za katikati tu, kwa mwendo wa polepole na ngao ya uso ikiwa imeshushwa. Bakuli lenye ufa, hata ule uliojazwa gundi, lisiwekwe kwenye vakyumu. Tumia chaki (kishikio cha mashine) yenye meno na kitambaa.